Doti Iliyokaa Peke Yake

— Sifuri! Mtu mzima na ndevu zake aseme watu wake ni sifuri? Brashi, toa jina!

Aliyekuwa akinipigia kelele ni Injinia, fundi wa baiskeli hapa Rangwe, na mate yake yalikaribia kazi yangu. Mimi ndiye Brashi, naandika mabango ya maduka. Herufi nilijifunza mwenyewe kwa kunakili makasha ya sabuni. Ugomvi huu ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Mwanafunzi wa chuo, Phelesia, aliniachia karatasi ya manila niiandike vizuri, aende kuitundika kwenye mkutano wa wasomi Kisumu: JAMAA, MARAFIKI NA AFYA YA MWILI. Alikuwa ametupima presha sisi wote wa benchi hili la nje ya kibanda changu na wengine sokoni, akamwuliza kila mmoja kando: ukiugua, nani huja kukuona? Kila mtu akawa doti, nukta ya wino bila jina. Doti zote zilisongamana chini, upande wa wenye watu, isipokuwa moja: juu kabisa, kwenye presha kali, upande wa sifuri. Phelesia alitaka doti zote zilingane ukubwa. Hiyo moja niliinenepesha ikawa kama kifungo cha koti. Ilikuwa yangu.

— Jina silitoi, nikamwambia. Na uondoe kikombe chako kwenye karatasi.

— Basi ni Werema. Ametoka Kegonga huko, hapa ana ng'ombe tu.

Werema, mchuuzi wa ng'ombe, akatupa fimbo chini.

— Mimi? Mimi nikikohoa boma nzima inaamka! Ni wewe, omera, ndugu yangu. Watu wako ni spoki.

Benta, mwenye kahawa, akacheka mpaka birika likamtikisika mkononi.

— Mnagombania doti, hamuulizi karatasi ni ya nini. Msichana ahesabu watu wako kwa nini? Anatafuta asiye na mtu.

— Ili? Injinia akauliza.

— Ili akipotea, hakuna wa kuuliza.

— Damu! Injinia akaruka. Kile kitambaa alichotufunga mkononi! Nilisikia kikivuta!

— Kilikuwa kinajaa hewa, nikasema. Unajaza magurudumu kila siku, hewa huijui?

— Si damu, Werema akasema, sauti chini. Ni shamba. Mwaka ujao si ni uchaguzi? Asiye na mtu, shamba lake linaenda kwa mheshimiwa. Hiyo doti ni jiwe la mpaka.

— Na Kisumu ndiko wanagonga muhuri, Benta akamalizia. Brashi, wewe hasa umetumwa na nani?

Wote wakanigeukia. Nikasikia mshipa wa shingo unanipiga. Nikaendelea kupaka herufi.

Pembeni alikaa mama mmoja wa Uriri, Teresa, aliyekuwa akingoja tairi yake izibwe.

— Samahani, akasema. Kati yenu, nani amewahi kuingia nyumbani kwa mwenzake?

Injinia akaangalia spana. Werema akaokota fimbo yake, akaifuta vumbi lisilokuwepo. Benta akainamisha birika juu ya kikombe, yakatoka machicha.

Hapo nikaweka brashi chini.

— Doti ni mimi. Mwezi wa nne malaria ilinilaza mpaka nikashindwa kushika kijiko. Kibanda kikafungwa. Mkaendelea kukalia benchi langu. Wewe Injinia ukaegemeza baiskeli za watu mlangoni pa kibanda changu! Huyo msichana aliponiuliza nani alikuja, ningemdanganya?

— Lakini Brashi, ndugu yangu, Injinia akasema, si tulidhani umesafiri…

— Safari gani? Mlimuuliza nani?

Injinia akaondoa kikombe chake kwenye karatasi.

— Nyumba yangu iko nyuma ya mashine ya kusaga unga, mlango wa bluu. Nawadai kuja kuniona. Jumapili, nyote watatu, mje mnilipe.