Kitabu cha Jua

Basi lilikuwa likijikokota kwenye mvua. Mama aliyekaa mbele yangu alishika kitabu kipya cha watoto, jua kubwa jaladani. Jirani yake, fundi wa nguo mwenye futi shingoni, hakuweza kujizuia.

"Dada, msimu huu si ungemnunulia cha mvua? Mtoto asome anachokiona dirishani."

"Cha mvua anacho. Nimekificha."

"Kwa nini?"

"Baba yake aliondoka kiangazi. Alimwambia atarudi mvua zikianza."

Fundi akageukia dirisha lililokuwa likitiririka maji.

"Lakini mtoto ana macho," akasema. "Mwambie ukweli."

"Ukweli upi? Hata simu hapokei."

Basi likasimama. Mama akakiingiza kitabu ndani ya sweta kisilowe, akashuka.