Kumuaga Wakili Corinne Halvorsen, Aliyemtetea Mpishi wa Gereza

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi ya mawakili wa utetezi ya Kaunti ya Marlow, Illinois, Bi Corinne Halvorsen anastaafu. Anaondoka na redio yake, aliyoifungulia mechi za besiboli kwa sauti ya juu, na sisi majirani wa chumba chake hatuifichi furaha yetu.

Alitujia kutoka kufundisha shule ya msingi, na mahabusu wengi walilalamika kwamba anawafokea kama watoto wa darasa la tatu. Askari jela mmoja aliyeshtakiwa kulala na mfungwa alimwambia, "Lakini mama, alikubali mwenyewe."

"Funguo unazo wewe, angekataaje?" Corinne akamjibu. "Sheria haiipokei hoja hiyo, nami siipeleki." Yule askari akakiri kosa.

Ndiyo maana tulishangaa alipomtetea kwa nguvu zote Desmond Tuttle, mpishi wa gereza, aliyeshtakiwa kwa kosa hilohilo. Desmond alikutana na Yolanda Pruitt kwenye kwaya ya kanisa, wakapendana. Hakujua kuwa Yolanda anamalizia kifungo chake nje, chini ya uangalizi, na kwamba kisheria bado alihesabiwa mfungwa. Mshtakiwa wa namna hiyo ana utetezi mmoja: kwamba hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua.

Aliyeweza kulithibitisha hilo ni Yolanda, naye aliogopa kurudishwa ndani kwa kumficha msimamizi wake uhusiano huo. Corinne hakumbana. Alimtafutia kwanza wakili wake mwenyewe, kisha akasubiri, huku Desmond akikonda.

Siku ya kesi Yolanda akaja. "Nilimficha Desmond," aliwaambia wazee wa baraza. "Kila nilikokwenda nilikuwa mfungwa. Kanisani nilikuwa Yolanda tu."

"Hata siku moja hakuuliza?" mwendesha mashtaka akamchimba.

"Aliuliza mbona Jumanne sionekani mazoezini. Nikamdanganya naenda kliniki, kumbe naenda kuripoti kwa msimamizi wangu."

Desmond aliachiwa huru. Yolanda alionywa tu, akamaliza kifungo chake salama, na baadaye wakaoana.

Bi Corinne, umetufundisha kukataa utetezi wa uongo na kuupigania ule wa kweli. Tunakushukuru. Tunakuombea afya na siku njema tele. Sasa karibuni mezani: chakula cha leo kimepikwa na Desmond na Yolanda, na wamekataa kulipwa.