Mwalimu Kamene Kitonga, Aliyeijua Ngozi Yake

Marehemu Mwalimu Kamene alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974 mjini Kitengela, mtoto wa pili wa Mzee Kitonga na Mama Phylis. Kabla hajafikisha miaka miwili, kila alipotolewa nje juani uso ulivimba na kutoka madoadoa. Mama alimshonea nguo za mikono mirefu. Watu wakanong'ona.

Alisoma shule ya msingi hapa Kitengela kuanzia 1981, kisha sekondari mjini Kajiado, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992. Mwaka uliofuata, daktari wa ngozi jijini Nairobi alimweleza ugonjwa wake. Jumapili iliyofuata shangazi mmoja alirudia sebuleni kwamba ni kithitu, kiapo cha mababu kinachoua kizazi. Kamene alichukua uzi wa katani ambao Mama alikuwa akisukia kiondo.

"Mama, shika hapa." Akausokotoa. "Mwilini kuna uzi kama huu, unaitwa DNA. Jua likiuharibu, kimeng'enya kinachoitwa helikesi hufungua nyuzi zake mbili ili palipoharibika pakatwe, pajengwe upya. Changu hakifungui vizuri."

"Kwa hivyo si mimi niliyekosa?"

"Wewe na Baba, kila mmoja alinipa nakala moja mbovu bila kujua. Hakuna aliyelaaniwa."

Mama alilia, kisha akamwambia shangazi amalize chai yake aende.

Kamene alihitimu chuo kikuu mwaka 1998, na Januari 1999 akaanza kufundisha Biolojia shuleni Kisaju. Alikuwa mkali. Asiyeweza kueleza helikesi hakutoka darasani wakati wa mapumziko.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Bwana Mulei, fundi wa mbao. Ibada ilianza jua lilipozama. Mchungaji alipolalamika, Mulei alisema, "Pasta, mimi nimengoja miaka miwili." Mwaka 2003 walimpata Evalyne, mwenye afya njema.

Mwaka 2005 saratani ilimpata shavuni. Alipasuliwa mara tatu, akafundisha hadi Machi mwaka huu. Alituaga nyumbani tarehe 9 Juni 2007, akiwa na miaka 33.

Amewaacha mumewe, binti yake, wazazi, na mimi kaka yake, Musila. Amemwacha pia Simel, mwenye miaka sita na ugonjwa huohuo, ambaye Kamene alimwandikisha shule baada ya kuketi na wazazi wake na kuwaeleza kwamba si laana. Simel yuko hapa, chini ya hema. Tunaomba mwendapo kaburini mmwachie kivuli.

Pumzika, Mwalimu. Tumeelewa.