Fundi Nguo Ambaye Hakuwahi Kushona

Ndugu waombolezaji, nitakachosoma hakilingani na kilichochapishwa kwenye karatasi mliyopewa mlipoingia. Karatasi hizo zimelipiwa na kiwanda, kama turubai hili na viti mlivyokalia, na familia inashukuru. Aya tano za mwanzo nimezigusa kidogo tu. Ya sita nimeiandika upya asubuhi hii.

Marehemu, kaka yangu, alizaliwa tarehe 3 Mei 1984, saa mbili asubuhi, katika hospitali ileile aliyofia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe. Mimi mdogo wake nilifuata miaka sita baadaye, na baada yangu hakuja mwingine. Mama husema alilia kwa nguvu hadi mkunga akamwambia, "Mpe ziwa upesi, ataniamshia wadi nzima huyu."

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1991 hadi 1997, kisha akaendelea na sekondari. Hesabu alizimudu, insha zilimpiga chenga. Baba alipofariki mwaka 2000, marehemu akiwa kidato cha tatu, aliacha shule bila kumuaga mtu. Mwalimu wake wa darasa alimfuata nyumbani mara mbili. Mara zote mbili alijificha uani akanituma mimi niseme hayupo, nami nikadanganya bila kupepesa macho. Aliniambia kwamba katika nyumba hii mmoja lazima amalize, na huyo mmoja ni mimi.

Alibeba mizigo sokoni kwa miaka sita. Septemba 2006 kiwanda cha suruali za jinzi kilifunguliwa nyuma ya stesheni, na mkubwa mmoja akaja kukata utepe. Tulishangilia. Sitaki mtu aseme leo kwamba hatukushangilia. Foleni ya kuomba kazi ilizunguka ukuta mzima, na kaka alipotoka getini na kitambulisho shingoni, mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mashine zilikuwa zimetoka nchi za watu, zikiwa nzima, rangi bado inang'aa. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini wenyewe wameziacha. Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba kwao kazi ile ilipigwa marufuku.

Alipangiwa chumba namba nne. Kwenye kitambulisho chake waliandika "Fundi Nguo", na cheo hicho alikipenda kufa. Mama alimpelekea gauni lake lililofumuka kwapani ili amshonee. Kaka hakujua hata kutia uzi kwenye sindano. Alilichukua gauni, akalipeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, akalirudisha jioni akijifanya amechoka mgongo. Alifanya hivyo miaka kumi na zaidi. Mama, samahani, leo ndiyo unasikia. Magauni yako yote yalishonwa na yule bwana.

Tarehe 18 Juni 2011 alimuoa wifi yangu, msusi wa nywele, aliyemtania siku ya kwanza tu walipokutana: "Wewe umepakwa chokaa au umeanguka nayo?" Ndipo jina la Chokaa lilipomganda. Alikuwa akirudi kutoka kazini mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Walijaliwa watoto wawili, msichana mwaka 2012 na mvulana mwaka 2016. Kwa kazi hiyohiyo aliezeka nyumba ya mama bati jipya, na kwa kazi hiyohiyo alinisomesha uuguzi hadi nikahitimu mwaka 2013. Sare niliyovaa siku ile aliinyoosha kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa aya ya sita. Kwenye karatasi mnasoma kwamba "aliugua kwa muda mfupi". Aliugua miaka sita.

Alianza kukohoa mwaka 2017. Mimi ndiye niliyempeleka zahanati, na kwenye fomu, palipoulizwa kazi ya mgonjwa, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: fundi nguo. Kila daktari aliyesoma fomu ile aliona mtu aliyekaa kwenye cherehani. Walimtibu kifua kikuu miezi sita. Hakupona, wakamtibu tena miezi minane. Nami nilimsimamia anywe vidonge kila asubuhi, halafu namwambia, "Haya, nenda kazini, usichelewe."

Juni 2021 daktari mmoja kijana alimuuliza, akitaka tu kumchangamsha, "Unashona nini zaidi, mzee? Mashati?"

"Sishoni, daktari," kaka akasema. "Mimi napiga mchanga."

"Unapiga mchanga vipi?"

Akaeleza, kwa fahari kabisa. Kwamba wanaletewa suruali mpya kabisa. Kwamba anashika bomba lenye upepo mkali, anarusha mchanga kwenye mapaja na magoti, mpaka suruali mpya ionekane imevaliwa miaka. "Huko ng'ambo ndivyo wanavyozipenda," akasema. "Sisi tunatafuta mtumba unaofanana na mpya, wao wanatafuta mpya unaofanana na mtumba." Alicheka mwenyewe, akakohoa. Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini, akauliza chumba kina madirisha mangapi. Hakikuwa na hata moja. Akauliza wanafunika nini puani. Kaka akamwonyesha kitambaa chake.

Mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la mchanga, na vumbi hilo halitoki kwa dawa wala kwa upasuaji. Daktari aliandika hivyo katika barua, akapiga muhuri. Kiwandani waliisoma barua, wakamrudishia. Walimwambia kwamba wateja wa ng'ambo wakisikia maneno kama haya, kazi itahamishiwa nchi nyingine mwezi huohuo, na yeye ndiye atakayewaeleza wenzake. Basi akafyata mdomo, akaendelea kurusha mchanga mwaka mzima na miezi mitatu, mpaka siku aliposhindwa kupanda ngazi tatu za mlango.

Miezi ya mwisho alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Alifariki Jumanne, tarehe 21 Februari 2023, saa tano asubuhi, akiwa ameketi vilevile, mkono wangu ukiwa kifuani pake. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Jumapili ya kabla ya hapo aliniambia neno moja, na lilimchukua muda kulimaliza. "Mtu wa nyumba hii asiingie chumba kile."

Mnajua utaratibu wa kiwanda. Mfanyakazi akifa, nafasi yake hupewa mtu wa familia, chumba kilekile, na kila mtu huuita utaratibu huo wema. Alhamisi afisa utumishi alileta fomu hapa msibani. Wifi alisaini akiwa amepiga magoti, fomu ikiwa juu ya mkeka. Nilimwambia alichosema mumewe. Alinitazama akasema, "Wifi, niambie basi watoto watakula nini."

Baba mdogo alinivuta pembeni jana. "Andika aliugua, inatosha. Usimtie wifi yako mchanga kwenye kitumbua. Na wakihama hawa, mtaa mzima utakulilia wewe."

Baba mdogo, nakuheshimu, na huenda usemayo ni kweli. Huenda watahama. Lakini watakakohamia kuna mtu atakayepewa kitambulisho, na mama yake atapiga vigelegele. Nimekaa kimya karibu miaka miwili kwa ajili ya mtaa huu, na kimya hicho hakikumwongezea kaka yangu hata siku moja. Afisa utumishi yupo hapa, mstari wa pili. Amesikia yote, na anajua maneno haya yametoka nyumba ipi. Fomu ya wifi bado iko kwenye mkoba wa afisa huyo. Nafasi hiyo hatapewa tena mtu wa kwetu, nami nimefanya hivyo kwa makusudi.

Marehemu ameacha mama mzazi, watoto wawili, mdogo wake mmoja, na wenzake arobaini na mmoja wa chumba namba nne. Waliruhusiwa sita kuja kumzika. Wengine wako zamu saa hii.

Na ameacha mke, ambaye alikuwa aanze kazi Jumatatu. Wifi, nichukie, lakini uwe hai.

Kaka, pumzika.