Besi Wamekuja Pembeni

Basi lilikuwa likizunguka Ziwa Guntersville, lenye samaki wengi waitwao besi. Mimi, nisiyewahi kuvua hata chura, nilitega sikio. Mjane aitwaye Odessa alikuwa amemtambua mzee aliyeketi kando yake.

"Ni wewe uliyenipigia kelele Aprili, 'Mama, toka kilindini! Besi wamekuja pembeni kutaga!' Tangu mume wangu afariki sikuwa nimepata samaki hata mmoja. Siku ile nilipata watatu, nikalia mashuani. Asante, mzee."

"Uliwarudisha majini?"

"Wote, wakatage."

Mzee akavua kofia. "Basi nakushukuru mimi. Sasa ni Agosti, wafuate kilindini."

"Kilindini wapi! Joto hili wako kivulini, chini ya magugu."

"Nani kakudanganya?"

"Marehemu."

Basi likasimama. Mzee akambebea kapu lake mpaka chini, akinong'ona, "Lakini ni kilindini, mama."