Ngozi ya Ng'ombe wa Lomayani

"Shikamoo mama. Naomba uniwekee kidole hapo kwenye fundo," kijana alimwambia jirani yake wa kiti katika basi dogo, Kosta ya kutoka Mikumi. Alikuwa anafunga kasha la betri ya pikipiki ya umeme, lililopasuka, kwa kamba za ngozi mbichi.

"Marahaba. Ngozi ya ng'ombe na umeme, baba?" Mama alicheka, lakini kidole aliweka.

"Ikikauka inabana kuliko bolti. Isipobana, sina kazi ya bodaboda. Nilimgonga ng'ombe wa rafiki yangu Lomayani kwa pikipiki, kasha likapasuka, ng'ombe akafa. Kesho yake Lomayani akaja na ngozi ya ng'ombe huyohuyo, akanikatia kamba."

"Huyohuyo?"

"Huyohuyo, mama."

Kicheko kikaisha. Mimi niliyekaa nyuma yao nilikuwa nimeshaandaa ushauri wa kutumia bolti, nikaumeza.

Gari likasimama Kilosa.

"Niachie sasa?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Achia. Kesho ikishakauka ndiyo tutajua."

Aliondoa kidole taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.