Mama Waambiwe Aacha Chumba cha Seva Wageni Wakiwa Macho

Ijumaa hii, tarehe thelathini, dada yetu wa chumba cha seva hapa hospitalini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Amechoka, wala hafichi. Miguu imemvimba kwa ile sakafu ya baridi, na sweta lake limepauka mpaka hakuna anayekumbuka lilikuwa la rangi gani. Mimi fundi wa jenereta, mnayeniita Mjomba, nimepewa kazi ya kumwandikia wasifu huu wa jarida la hospitali kwa kuwa tulianza pamoja.

Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Niliipandisha orofa tatu mgongoni peke yangu, mkono mmoja nimeshika chai, na haikumwagika. Mashahidi wote wameshastaafu.

Siku hizi ndani ya seva moja ya chuma hukaa kompyuta nyingi za kufikirika, mashine pepe, ambazo mafundi huziita wageni. Kila mgeni hudhani nyumba ni yake peke yake. Prosesa, ubongo wa ile seva, hugundua kipande cha kumbukumbu kikiharibika, ila kwa miaka mingi tuliizuia habari hiyo isiwafikie wageni. Kosa likizidi, mgeni alizimika mzima mzima na kazi zake zote, hajui hata kilichomkuta.

Jina lake la utani lilitoka hapo. Kila kikao alisimama akasema waambiwe. Mgeni akijua ni kipande gani kimeoza, ataachia kazi moja iliyokigusa, nyingine ziendelee. Mkuu wa idara alimjibu kwamba ukimwambia mgeni paa linavuja, atahama. Naye akamwambia, bosi wangu, asipoambiwa atalowa, tena amebeba wagonjwa.

Walimzungusha miaka sita. Mwezi uliopita mkuu, nadhani kwa kuchoka kumsikia, alikubali mgeni mmoja tu afunguliwe kwa majaribio: yule anayebeba daftari la akiba ya damu na, kwa ubahili wetu, jarida hili pia. Kama lisingetokea lolote hadi dada astaafu, habari zingefungwa tena, na miaka yake sita ingekwenda na maji.

Wiki tatu zikapita kimya. Akawa anakunywa chai bila sukari wala maneno.

Jumatatu asubuhi kipande kimoja kikaharibika. Prosesa ikagundua, mgeni akaambiwa, akaachia kazi moja akaendelea. Chumba cha upasuaji kiliomba damu dakika hizohizo na kikapata. Wauguzi hawakujua kama kuna kitu kimetokea. Mkuu alisoma ujumbe kwenye skrini mara mbili, kisha akasema haya, waambiwe wote. Mama Waambiwe akavuta kiti, akavua viatu. Sikuwahi kumwona akivua viatu kazini.

Kazi iliyotupwa ilikuwa wasifu wake, huu huu. Ulikuwa na kurasa kumi na moja, sikuwa nimeuhifadhi, na kurasa tisa zilinihusu mimi. Dada alisema mashine imechagua vizuri, Mjomba. Hiki mnachosoma ndicho nilichoweza kukiandika upya.

Dada, asante kwa yote. Nenda kalale mpaka usingizi wenyewe ukuchoke, na siku zako ziwe njema. Tukikukosa sana, utaambiwa.